Mihogo ya Ng'ambo ya Ghuba

Nilitumwa Ubwari kwenda kula. Hayo ndiyo yalikuwa maagizo, na aliyeyatoa ni muuguzi wa Baraka, mama wa makamo aliyenitibu homa ya matumbo kwa majuma manne akiwa na dawa za majuma mawili. Siku aliponiruhusu kutoka kitandani aliuzungushia mkono wangu kidole gumba na cha shahada, vikakutana na nafasi ikabaki. Akamgeukia mama yangu.

"Mama, dawa imeisha na ugonjwa imeisha. Sasa mutoto anataka chakula, na hapa Baraka chakula haiko. Hauna ndugu ku Ubwari?"

Mama alikuwa naye. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa huko zamani, akabaki huko hata baada ya kufiwa na mume. Ubwari ni rasi, mkono mrefu wa vilima unaoingia Ziwa Tanganyika mbele ya Baraka, na kati yake na mji wetu kuna ghuba. Asubuhi isiyo na ukungu tuliiona kutoka nyuma ya nyumba, ya buluu, na mama aliitazama kila siku akifagia uwanja. Lakini hakuwa amevuka tangu vita vya kwanza. Magoti yake yalikuwa mabaya, na mitumbwi ilikuwa michache.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Mji ulikuwa mikononi mwa askari waliotoka mbali, milima ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wengine, na sisi tulikuwa katikati. Barabara ya kwenda Fizi ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wenye bawaba mbovu. Mara mbili tulikimbilia porini na mara mbili tulirudi. Safari ya pili tulikuta mihogo imeugua. Majani yalijikunja kama ngumi za mtoto mchanga, yakapata mabaka ya manjano, na ukichimba chini unatoa mizizi kama vidole. Muhogo kwetu ndio chakula, vingine ni vya kusindikiza. Nilikuwa mwalimu wa darasa la mwaka wa tatu katika shule ya msingi, na nilikuwa nimeacha kuwagombeza watoto waliolala darasani. Nilijua hawakulala kwa uvivu.

Kwa hiyo wakati wa likizo mama alinifungia vitenge viwili na kipande cha sabuni cha kumpelekea dada yake, akanisindikiza hadi ufukweni polepole kwa fimbo yake.

Aliyenivusha alikuwa mzee Mwislamu mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa mahali pengi, mmoja wa wachache waliokuwa na karatasi ya kuvuka ghuba. Alipeleka chumvi na kurudisha mawese. Hakuwa mtu wa maneno. Tulipokaribia matete, mahali mto unapoingia ziwani, aliacha kupiga kasia akanionyesha kwa kidevu. Viboko watano, sita, masikio nje ya maji, wakitutazama kama wazee wa baraza. Tuliwazunguka kwa mbali, kimya. Katikati ya ghuba nikatapika. Mzee alitoa limau mfukoni, akalikwaruza kwa ukucha, akanipa nilinuse.

"Nusa, mwalimu. Usiangalie maji, angalia kule unaenda."

Nikaangalia vilima. Vilianza kuacha ubuluu wao na kuwa kijani, kisha nikaona michikichi mmoja mmoja, kisha moshi wa jiko.

Kijiji kilikuwa nyumba chache katika kihori, ghuba ndogo yenye mchanga mbele na mteremko wa msitu nyuma. Hapakuwa na barabara ya gari, na ndiyo maana askari hawakupapenda. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba mtumbwi wetu ulikuwa na kivuli chake chini kabisa, juu ya mchanga, na samaki wadogo walikipita bila haraka. Mama mkubwa alisimama ufukweni, mikono kiunoni, mfupi, mpana, amejifunga kitenge cha rangi ya machungwa. Nilimkumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa sura, na sauti haikuwa imebadilika.

"Eeeh! Dada yangu ananitumia mifupa! Nyama itakuya siku gani?"

Wanawake waliokuwa wakianika ndakala, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga wakacheka. Nami nikacheka, kisha miguu ikanigomea, nikakaa pale pale kwenye mchanga. Akaniinua kama mtu anavyoinua kikapu.

Siku ile alinipikia bugali ya mihogo, sombe ya majani ya mihogo kwa mawese, na samaki mukeke mbichi aliyemchoma juu ya makaa, akamkamulia limau na kumsugulia pilipili. Nilinawa, nikakata tonge. Bugali ile ilikuwa nyeupe, laini, ikivutika, na haikuwa na uchungu hata kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba bugali ina ladha. Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

"Mama mukubwa, unga hii mumeitoa wapi?"

"Ku shamba. Unawaza unga inaangukaka na mvua? Kula kwanza, maneno itakuya nyuma."

Maneno yalingoja siku nyingi, maana kazi ya kula ilikuwa kubwa. Mama mkubwa alinilisha mara nne kwa siku, akikaa mbele yangu hadi sahani iishe. Asubuhi uji wa muhogo na ndizi. Mchana bugali na samaki. Jioni mapema bugali tena na mchicha wa lenga-lenga au maharage. Kati ya hapo parachichi, karanga, ndakala waliokaangwa mpaka wakalia kati ya meno. Sikuwa na kipimo cha uzito, nilipima kwa kitenge. Siku ya kwanza ncha zake zilinizunguka mara mbili na kubaki urefu wa kufunga mafundo mawili. Baada ya juma moja, fundo moja likatosha.

Kimya cha pale kilinitisha mwanzoni. Baraka, kimya kilikuwa na maana moja: watu wamesikia jambo, wamejificha, na wewe hujasikia bado. Siku mbili za kwanza kila kijiji kiliponyamaza nilisimama mlangoni nikitafuta njia ya kukimbilia. Mama mkubwa aliniona. Hakunicheka. Alisema tu, "Benyewe beko ku mashamba," na akaendelea kupepeta. Siku ya tatu kikanyamaza tena, nami nikabaki nimekaa.

Nilianza kuyaona mambo. Kwenye mawe mwisho wa kihori kulikuwa na samaki wadogo wa kila rangi, wengine na milia kama vitenge vipya, na nikiweka miguu majini walikuja kunidonoa vidole. Fisi maji wawili walivua pale kila asubuhi, wakalala chali wakitafuna kwa kelele bila kujali nani anawatazama. Tai wenye vichwa vyeupe waliitana kutoka mti hadi mti. Nyani wadogo waliteremka kuiba ngazi, matunda ya michikichi, na bibi mmoja jirani aliwatukana kwa Kibembe kwa majina ya ukoo, kana kwamba anawajua wazazi wao. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima na mwalimu, nikishikilia gogo, wanawake wakinipigia makofi ufukweni. Mtu anaweza kusema kwamba hayo si kitu. Kwangu, katika mwaka ule, yalikuwa kila kitu.

Siku ya kumi mama mkubwa alisema nimepata nguvu za kupanda. Tulifuata njia ya nyuma ya nyumba, tukapita michikichi, tukavuka kijito, tukapanda tena hadi nyuma ya mgongo wa kilima. Nilikuwa nahema, nikitazama miguu yangu. Alisimama, nami nikainua kichwa.

Mihogo. Ilinipita urefu. Majani yake yalikuwa wazi kama viganja vya mtu anayepokea zawadi, kijani kibichi toka shina hadi ncha, hakuna doa, hakuna kukunjamana. Nilishika jani moja, nikaligeuza, nikaangalia chini yake. Nikashika jingine. Nilienda mstari mzima hivyo, kama mtu anayesahihisha madaftari, nikitafuta kosa. Sikulipata.

"Mama mukubwa," nikamwambia, "nipe miti ya kupanda. Hata mzigo mmoja tu. Nipeleke Baraka."

Akakaza uso wake. Sijapata kuuona hivyo kabla wala baada.

"Muti ya muhogo haitoki hapa."

"Kwa nini?"

Akakaa juu ya jiwe, akanieleza. Ugonjwa ulipoanza ng'ambo, mwanamke mmoja wa kijiji kile alikwenda Baraka kwa msiba wa kaka yake, akarudi na miti ya kupanda aliyopewa na wifi. Ilipoota, majani yalikunjika. Wanawake wote wa kihori walikutana. Walimwomba, kisha walimlazimisha: waling'oa shamba lake lote, la zamani na jipya, wakalichoma moto. Ndipo wakaapa. Hakuna mti wa muhogo utakaoingia kutoka nje, na hakuna utakaotoka, maana mti ukitoka, habari nayo inatoka. Askari wakisikia kwamba Ubwari kuna mihogo mizima, watajifunza kupiga makasia.

"Lakini kule banakufa njaa. Dada yako anakula mizizi ya ndizi."

Hilo lilimchoma, nililiona.

"Mi niko muntu mumoja," akasema. "Haiko yangu kutoa. Kesho bamama bote beko ku maji, kulowesha mihogo. Kaulize benyewe."

Usiku ule nilitunga hotuba kama mtu anayejiandaa kwa mkaguzi. Asubuhi, nilipofika kwenye kidimbwi wanapolowesha mihogo, kando ya kijito, hotuba yote ikanitoka. Walikuwa wanawake kama kumi na wanne, visu mikononi, maganda hadi magotini. Nilikaa kati yao nikaanza kumenya, kwa sababu sikujua la kufanya. Mama mkubwa akasema, "Huyu mutoto iko na neno," kisha akaniacha.

Nikawaambia ninayoyajua tu. Niliwaambia kwamba nina darasa la watoto, na kwamba asubuhi nikiandika ubaoni wanatazama, na saa nne wanalala. Niliwaambia kwamba siku moja chaki ilipungua mezani, nikauliza nani ameichukua, na msichana mmoja akafungua mdomo, ulimi wote mweupe. Alikuwa ameila. Sikumwadhibu. Nilimpa kipande kilichobaki ajifanye ananisaidia kukitunza, nikatoka nje. Niliwaambia kwamba sijui kuomba vizuri, lakini naomba.

Visu vikaendelea. Mmoja akasema, bila kuinua uso, kwamba njaa ya Baraka inahuzunisha lakini wao wana watoto pia. Mwingine akasema askari hawana siri, wanasikia harufu ya chakula kama nzi. Nilijua nimeshindwa. Nikaendelea kumenya, maana kuondoka kungekuwa aibu.

Kisha mwanamke mwembamba aliyekaa peke yake upande wa juu akaweka kisu chini.

"Mi njo ule mulichomea shamba," akasema.

Visu vyote vikasimama. Nilielewa baadaye kwamba jambo lile halikutajwa mbele yake tangu siku ya moto.

"Mulichoma, na mulikuwa na haki. Kama hamungechoma, leo hatungekuwa na kitu. Lakini nyuma ya pale mulinilisha mwaka muzima. Kila nyumba siku yake. Hakuna siku batoto yangu balilala na njaa. Sasa mi nauliza: mulinilisha miye mwenye kosa, na bale batoto hawana kosa, mutabanyima?"

Bibi yule anayetukana nyani alikuwa wa kwanza kupangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Huyu mwanamuke anasema sana," akanung'unika. "Mupatie mwalimu miti, turudilie kazi."

Lakini hawakunipa bure. Walinipa masharti, na walinifanya niyarudie kama watoto wanavyorudia jedwali la kuzidisha. Nipande mahali pasipo na muhogo mwingine karibu. Nipite shambani kila juma, na mti wowote utakaokunja jani niung'oe bila huruma. Nisiuze mti hata mmoja: anayetaka apewe, na yeye ampe mwingine. Na nisiseme umetoka wapi mpaka amani irudi.

Siku zilizofuata sikuwa mgeni tena. Walinifundisha kuchagua shina lililokomaa, si la juu lililo jororo wala la chini lililo gumu kama mfupa. Walinifundisha kukata kwa panga kali mara moja, bila kuchana ganda, na kuhesabu macho, maana mti hupandwa macho yakitazama juu, ukiulaza kidogo kama mtu anayeegemea ukuta. Maziwa ya muhogo yalinigandisha vidole. Kila mwanamke alileta miti kutoka shamba lake mwenyewe, na yule mwembamba alileta mingi kuliko wote. Tukapata mizigo minne. Mama mkubwa akaizungushia kila mmoja kuni kavu kwa nje, akafunga kwa kamba ya mgomba, akarudi nyuma kutazama kazi yake.

"Nani atajua? Iko kuni tu."

Alinikumbatia ufukweni, akanigusa mkono, akauzungushia vidole viwili. Havikukutana. Akaridhika.

Mzee wa mtumbwi hakuuliza kitu mpaka tulipofika katikati ya ghuba. Hapo akaitazama mizigo yangu.

"Mwalimu, unapeleka kuni Baraka?"

"Ndiyo, baba."

"Hawakukuambia? Sasa pale ku bariere ya askari, kila muzigo ya kuni banakamata nusu. Ya kupikia maharage yabo."

Nikamweleza yote, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Alipiga kasia mara kadhaa akiwaza. Nilimwuliza kama turudi. Akatikisa kichwa. Wameshatuona, akasema, na mtumbwi unaogeuka katikati ya ghuba unafuatwa kwa risasi. Ikawa twende mbele tu.

Bariere ilikuwa gogo juu ya mapipa mawili, karibu na mwalo. Mchana ulikuwa mkali, na sufuria kubwa ya maharage ilikuwa mekoni na moto ukizimika. Askari kijana alikuja mbio kwa furaha.

"Kuni! Muko barafiki leo!"

Akachukua mizigo miwili kati ya minne, bila ubaya, kama mtu anayechukua chake. Nilisimama na miwili iliyobaki miguuni, nikiomba kimoyomoyo kila sala niliyoijua. Mzee wa mtumbwi alijifanya anatengeneza kamba, hakuondoka.

Askari akakata kamba ya mzigo wa kwanza. Kuni kavu za nje zikaingia motoni, zikawaka vizuri, akasugua mikono. Kisha akasukuma ndani miti ya mihogo, kumbatio zima.

Mti mbichi wa muhogo si kuni. Una maji, una maziwa, una ubishi. Kwanza moto ulilia kama paka aliyekanyagwa. Kisha povu jeupe likatoka kwenye ncha za miti, kisha moshi. Sijawahi kuona moshi kama ule: mzito, wa manjano, ukitembea chini kwa chini. Uliingia hema la kwanza, watu wakatoka wakikohoa. Ukaingia nyumba ya udongo walimolala wakubwa. Askari kijana aliongeza miti akidhani moto unahitaji kuni zaidi, na moshi ukamshukuru.

Komanda akatoka amefunika uso kwa shati lake, macho mekundu, akipapasa hewa.

"Nani analeta hii sumu hapa?"

Kila kidole kikanielekea. Nikasema, kwa sauti ya mwalimu, kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyoibakiza:

"Komanda, samahani. Kuni ya ng'ambo iko mbichi kidogo."

"Kidogo?" Akakohoa mpaka akainama. "Maharage yote itanuka! Beba! Beba yote, hata ile iko ndani ya moto! Sitaki kuona hii takataka hapa tena! Na we," akamgeukia askari kijana, "unasaidia yeye kubeba, mpaka mbali!"

Ndivyo miti ya Ubwari ilivyoingia Baraka: mizigo miwili juu ya kichwa changu na begani mwa mzee wa mtumbwi, na mingine miwili juu ya kichwa cha askari mwenye bunduki mgongoni, akipangusa macho na kulalamika njia nzima. Nilipogeuka nilimwona mzee ameshusha kofia usoni na mabega yanamtikisika. Tulipofika mbele ya shule askari aliitua mizigo, akatazama miti ile kwa chuki, akarudi. Miti michache ilikuwa imeungua kabisa. Mingine ilikuwa imeungua ncha tu. Mama aliichukua hiyo, akakata sehemu nyeusi kwa kisu cha jikoni, akaihesabu macho.

"Hii itaota," akasema. Na iliota.

Mahali pa kupanda palikuwa swali. Kila shamba la Baraka lilipakana na shamba gonjwa. Nilimwendea mkurugenzi wa shule, mtu mkimya aliyevaa koti hata kwenye jua, nikamweleza bila kutaja miti ilikotoka. Alitazama dirishani, kwenye uwanja wa mpira uliomea majani tangu vita vianze, ziwa upande mmoja na shule upande mwingine.

"Mpira utangoja," akasema.

Tukalima uwanja, mimi na mama za wanafunzi wangu. Mama yangu alikaa kwenye kiti katikati, akipima nafasi kati ya shimo na shimo kwa fimbo yake na kuwakemea waliokwenda kombo. Mvua ilikuja siku ya tatu. Kila juma tulipita mstari kwa mstari, tukishika jani kwa jani. Mara saba tulikuta jani limejikunja, na mara saba tuling'oa. Mama mmoja alilia aking'oa mti aliokuwa ameupa jina la mwanawe, lakini aliung'oa, akauchoma mwenyewe.

Katikati ya mwaka mapigano yakaingia mjini, tukakimbia tena kwenda upande wa Lusenda. Nilikaa huko kwa watu siku nyingi nikiwaza mambo mengi, na ninaona haya kusema kwamba niliwaza miti kuliko nyumba. Tuliporudi, madawati ya darasa langu yalikuwa yamechomwa na nusu ya bati haipo. Nilipita darasa bila kusimama, nikazunguka pembe ya jengo. Uwanja mzima ulikuwa kijani. Mihogo ilikuwa imenipita urefu.

Mavuno ya kwanza tuliyatoa msimu uliofuata. Tulikubaliana mama yangu ang'oe mti wa kwanza, magoti au si magoti. Akashika shina kwa mikono miwili, nasi tukamshika kiuno, tukavuta. Ardhi ikapasuka. Mzizi uliotoka ulikuwa mnene kama muundi wangu, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa watu wa sokoni mbio wakidhani kuna harusi. Mama alikaa chini na mzizi mapajani, akiupapasa kama kichanga.

Tulipika shuleni, sufuria kwa sufuria, na watoto wa madarasa yote wakala. Msichana yule aliyekula chaki alikuwa amehamia mwaka wa nne. Alikula matonge mengi nisiyoyahesabu, akalala kwenye kivuli cha ukuta, na kwa mara ya kwanza usingizi wa mtoto wa shule ulinifurahisha. Mama mkubwa alivuka ghuba kwa mtumbwi wa yule mzee, akafika akiwa amevaa nguo ya misa. Dada wawili hawakuwa wameonana tangu vita vya kwanza. Walishikana muda mrefu, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja na hawakunyamaza mpaka jioni. Alipoonja bugali yetu alitafuna polepole, sisi wote tukimtazama mdomo.

"Mumelowesha siku moja pungufu," akasema. Akakata tonge jingine. "Lakini njo yenyewe."

Miti tuliigawa kwa masharti yale yale. Walikuja akina mama wa Nundu kwa miguu. Barabara ya Fizi ilipofunguka walikuja wa huko mlimani, wakarudi nayo vichwani mchana kweupe, mistari mirefu ya wanawake wakiimba, na katika bariere zile hakuna askari aliyegusa hata mti mmoja. Nadhani habari za ule moshi zilikuwa zimewatangulia.

Miaka michache baadaye, vita vilipopoa, nilihamishiwa kufundisha Fizi. Juma la kwanza mwanamke nisiyemjua, jirani wa nyumba niliyopewa, aliniita kula kwake. Aliweka mbele yangu bugali nyeupe, ikivutika, na sombe. Nilimsifu. Akajivuna.

"Hii mihogo ni ya kwetu hapa Fizi, ya zamani sana," akaniambia. "Bageni kama weye hamuijui. Mama yangu njo aliachiwa na mama yake."

Sikumsahihisha. Nilinyoosha sahani, nikamwomba aniongeze.